Ubao wa Mzee Orrin

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Jambo ulilolizoea hukufumba macho taratibu, na siku likibadilika, wewe ndiwe wa mwisho kujua. Mzee Orrin Tveit aliujua mto Tamarack kwa miaka thelathini na mmoja, na kujua huko ndiko kulikomponza.

Kila Ijumaa aliandika hali ya mto kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje ya duka la Dub Castner, muuza ndoana na nyuzi. Aliandika maji yana kina gani, samaki aina ya trauti wamejificha wapi na wanapenda chambo kipi. Wavuvi waliusoma wakiwa bado ndani ya magari, kisha wakampungia mkono. Tangu mkewe afariki, mikono ile ndiyo iliyokuwa salamu zake za wiki nzima. Ndiyo maana aliilinda chaki yake kama mboni ya jicho.

Ila ripoti hizo siku hizi aliziandika akiota moto kando ya jiko la kuni la Dub. Mafuriko ya Juni yalikuwa yameangusha miti na kuusukuma mto ng'ambo ya pili. Mto ulihama, ubao haukuhama. Baridi ilipoanza kuuma, bado ulikisifu kilindi kile kile cha zamani: "Shimo la Jaji. Kina cha kiuno. Trauti tele."

"Shimo la Jaji limejaa kokoto, Mzee Orrin," alisema Marlys Quade, dereva wa basi la shule. Kila asubuhi, akishawafikisha watoto, mama huyu alishuka mtoni na ufito wenye alama akapima maji. "Jana kulungu alivuka pale, hata magoti hayakulowa."

"Kwani kulungu naye anavua trauti?" Orrin alimjibu. "Unaupima mto kama fundi cherehani. Unataka kuushonea suruali?"

Dub alicheka mpaka kahawa ikampalia.

"Chekeni tu," Marlys akasema. "Lakini kesho ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba."

Kicheko kikakatika kama uzi mbovu. Siku hiyo, kwa desturi ya wavuvi wa Tamarack, mwandishi wa ubao sharti avue trauti mmoja mbele ya watu kabla kengele ya kanisa haijalia saa sita, ili ijulikane kwamba maneno yake ni ya kweli. Akishindwa, chaki huenda kwa mwingine. Orrin hakuwahi kushindwa.

Kesho yake baridi ilikuwa kali kama wembe. Orrin aliingia katika Shimo la Jaji akitembea kama bwana harusi. Maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Akarusha ndoana, ikagonga kokoto, ko! Akarusha tena, ko! Barafu ikaziba pete za kupitishia uzi kwenye fimbo yake ya kuvulia, akawa anazinyonya moja moja ziyeyuke, kama mtoto na peremende.

"Hodi hodi kwa trauti!" Dub alipaza sauti kutoka ukingoni. "Bisha kwa nguvu, huenda wamelala!"

Saa tano na nusu ikafika. Jasho likamtoka Orrin katika baridi ile. Aliwaza habari ya Ijumaa isiyokuwa na mkono wa kumpungia. Akakumbuka tuta la mchanga upande wa chini, mahali alipokuwa akiweka kiti chake miaka yote. Akikaa pale, fikira zitamrudia. Akakichukua kiti cha kukunja alichokuja nacho, akaelekea huko.

"Mzee, usikanyage hapo!" Marlys alipiga kelele. "Mchanga ulichukuliwa na maji! Hiyo ni theluji juu ya barafu tu!"

"Binti yangu, tuta hili nimelikalia kabla hujaota meno!"

Akakikunjua kiti. Akakung'uta theluji. Akakaa kwa heshima zake zote. Barafu ikalia kwaa, na mzee na kiti chake wakashuka chini pamoja. Juu ikabaki kofia, ikizunguka taratibu.

Alipoibuka, maji yalikuwa kidevuni. "Shika ufito!" Marlys alifoka. Ule ufito wa fundi cherehani ukamfikia, akaung'ang'ania kama kupe, na Marlys na Dub wakamvuta mpaka nchi kavu.

"Wa-wa-wapo!" Orrin alisema, meno yakigongana. "Trauti! Mmoja kanizaba kofi usoni!"

Hapo kengele ikalia.

Walimfunika blanketi, wakamketisha kando ya jiko la Dub. Hakuna aliyetaka kuitaja desturi. Orrin mwenyewe akaingiza mkono katika mfuko uliolowa, akatoa chaki iliyokuwa uji mtupu, akamkabidhi Marlys.

"Ulisema kweli, mwanangu. Mimi nilikuwa nauandika mto uliokwisha kuondoka."

Marlys akaitazama chaki ile, akamtazama na mzee. "Mwandiko wangu hata watoto wa basi hawausomi," akasema. "Mimi nitapima, wewe utaandika. Ila kila asubuhi twende wote. Na kiti kibaki nyumbani."

"Kiti kipi? Kimeshakwenda na maji," Orrin akajibu, na safari hii alicheka yeye wa kwanza.

Dub akampa chaki kavu. Mzee akaandika: "Shimo la Jaji limekufa. Lipo shimo jipya, pale pa kiti cha Orrin. Kina cha kidevu. Nimepima mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata wavuvi hawakumpungia mkono. Walizima magari, wakashuka, wakamshika mkono huku wakicheka mpaka machozi, na kila mmoja akataka asimuliwe upya kisa cha kiti. Naye alisimulia bila kinyongo, akimalizia kwa maneno yale yale: mazoea yana taabu.