Pilipili Zilizokingwa Upepo

Baba mmoja wa nyanda za juu alikuwa na binti mmoja na ndoo ishirini za pilipili, na malezi yalikuwa yale yale. Jina lake Zabroni Mgaya. Kijijini kwake, ukifika mwezi wa sita, sakitu, umande ulioganda kwa baridi, hulala juu ya majani ya viazi hadi shamba lote liwe jeupe, na jua likipanda majani huwa yameungua kama yaliyopitiwa na moto. Watu walimwambia pilipili ni zao la nchi za joto, aachane nalo. Hakuachana nalo. Mkewe alizaliwa kando ya ziwa, kwenye joto, na siku ya kumposa, Zabroni alimwahidi kwamba huko anakompeleka hatakosa pilipili mbichi.

Kwa hiyo alikusanya ndoo kuukuu za rangi, akazitoboa chini, akajaza udongo wa msituni na samadi ya ng'ombe. Nyuma ya jiko akasimamisha fito za mianzi, akazifunika kwa nailoni nene, akaziba kila ukingo kwa matope na mawe. Mlango ulikuwa mdogo, mtu anaingia kwa kuinama, na akishaingia anaufunga nyuma yake upesi. Majirani walikiita kibanda kile wodi.

Yuditha, binti yake, alikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla yake walizaliwa watoto wawili, na wote wawili walichukuliwa na nimonia kabla hawajajifunza kutembea. Mtu aliyezika wawili hawezi kumlea wa tatu kwa moyo uliotulia, na tusimcheke. Yuditha hakutumwa kisimani kukiwa na ukungu. Hakulala kwa shangazi yake hata siku moja, na wenzake wa kwaya walipokwenda kuimba vijiji vya jirani yeye alibaki. Alikuwa msichana mzima, mrefu, mwenye afya njema, anayejua kila ufa wa ukuta wa nyumba yao.

Mwaka huo ikaja barua. Chuo cha uuguzi kilichoko ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nzima kwa basi, kilikuwa kimempa nafasi, na asiporipoti kabla ya mwezi wa tisa kwisha nafasi hiyo angepewa mwingine. Yuditha aliisoma mara nyingi, kisha akaiweka mezani mbele ya baba yake na kutoka nje. Zabroni aliikunja akaitia mfukoni, akasema ataifikiria. Majuma yakapita anaifikiria. Mkewe alipomuuliza, alisema huko kuna mbu, kuna magari, kuna vijana wenye maneno matamu, na akikohoa nani atamfunika. Mkewe hakubishana naye. Alijua kwamba anayejibu si mumewe peke yake, ni makaburi mawili.

Na pilipili? Zilikuwa nzuri za kupendeza macho. Zilikuwa na majani mapana na mashina manene, zikatoa maua meupe mengi. Lakini kila asubuhi Zabroni aliyakuta maua yamelala chini, na pale yalipotoka hapakubaki kitu. Akaongeza samadi. Akaongeza maji. Akafunika nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza. Maua yakazidi kudondoka, naye akawa anayazoa kwa kiganja taratibu, moyo ukimuuma, bila kujua amekosea wapi.

Mwezi wa nane alikwenda kumsaidia dada yake kuezeka nyumba, akakaa huko majuma matatu. Aliacha maagizo mawili: maji asubuhi, na mlango ufungwe. Siku ya pili tu mbuzi wa jirani, ambaye hakutumwa na mtu, alijikuna pembe kwenye kona ya kibanda akazipasua nailoni zote mbili, mpasuko wa urefu wa mkono.

Zabroni aliporudi aliuona mpasuko kabla hajatua mzigo. Akaingia ndani kwa hasira, akatoka na sindano ya magunia, akapiga magoti kwenye ile kona. Hapo ndipo alipoziona ndoo tatu zilizokuwa karibu na mpasuko. Majani yake yalikuwa yamekauka ncha, na tawi moja lilivunjwa na upepo. Lakini chini ya majani hayo zilining'inia pilipili, kijani, ndogo, nyingi. Nyuki mmoja aliingia, akatembelea ua, akatoka. Zile ndoo nyingine kumi na saba zilikuwa zimenawiri kama kawaida yake, na maua yake yalikuwa chini.

Alikaa pale na sindano mkononi. Mkewe alikuja akasimama nyuma yake. Akasema polepole, "Uzi ulikuwepo siku zote, Baba Yuditha. Nilikuachia ushone mwenyewe, kama utaweza."

Hakuweza. Aliinamisha kichwa akalia, yeye ambaye kwenye kaburi la pili hakutoa chozi, na mkewe akamwekea mkono begani mpaka alipomaliza. Kisha akaondoa mawe, akazikunja nailoni pande zote mbili hadi usawa wa kiuno, upepo ukapita kati. Akamwita Yuditha, akatoa barua mfukoni, imechakaa mikunjo, akampa kwa mikono miwili.

Siku ya safari alimsindikiza hadi kituo cha basi na blanketi jipya. Alikuwa ameandaa maneno mengi, akayasahau yote isipokuwa kumwambia asikae na nguo mbichi. Yuditha alimkumbatia, akageuka, akamwita kondakta amshikie sanduku vizuri, kwa sauti ambayo baba yake hakuwahi kuisikia. Ikabidi aangalie tena kama ni yeye.

Zabroni bado analima pilipili. Jioni za baridi kali hushusha nailoni, na kukicha huikunja, kila siku, na kila akiikunja humwogopea mwanawe upya.

Basi ninyi mnaopenda kama yeye: huyo mliyemfunika, mnamkinga na sakitu, au mnamkinga na nyuki?