Maji ya Mto Kivindo

"Ukimlaani wa juu, mkumbuke wa chini." Niliwaambia hivyo wale wanaoosha pikipiki mtoni huku wakikitukana kiwanda cha juu, nanyi mkacheka. Sasa mnauliza neno hili limetoka wapi. Kaeni basi, na msicheke tena.

Mto Kivindo ulipita vijiji vitatu. Juu waliishi watengeneza ngozi, katikati wakulima wa mihogo, chini wafugaji. Nakiete wa kijiji cha katikati alimzika mwanawe aliyekufa kwa ugonjwa wa kuhara. Matanga yalipokwisha alishika jembe, akaufuata mto juu hadi kwa watengeneza ngozi, akaanza kuvunja vyungu vyao vya kulowekea ngozi.

"Mmeniulia mwanangu! Uvundo wenu tunaunywa sisi!"

Mkuu wao, Sempombe, akamjia juu. "Sasa tumwage wapi?"

"Kamwageni vitandani mwenu!"

Hapo akatokea Mbonea, mfugaji wa kijiji cha chini, ambaye alikuwa akimtafuta Nakiete tangu asubuhi. Akamtupia miguuni maganda ya mihogo yaliyooza.

"Haya ni yako. Unaloweka mihogo mtoni, sisi tunazika. Binti yangu amekufa, mke wangu yu hoi. Hukusikia kilio chetu?"

Nakiete alikuwa amekisikia. Alitaka kusema kwamba mihogo si ngozi, lakini aliujua uvundo wa maganda yale. Hasira haikumtoka, ila ilimgeukia mwenyewe.

"Nawe Mbonea," Sempombe akadakia, "ng'ombe wako wanakunya wapi?"

Mbonea akageuka kutazama mto unakoteremkia. Hata chini ya kijiji chake, nje ya vile vitatu, kulikuwa na watu.

"Basi," akasema Nakiete, "kuanzia leo kila kijiji kichote maji ya kunywa chini ya uchafu wake. Mimi chini ya mihogo yangu, Mbonea chini ya ng'ombe wake, nawe Sempombe chini ya ngozi zako."

"Thubutu!" akasema Sempombe.

Nakiete akateka maji kwa kibuyu pale pale ngozi zilipooshwa, akamsogezea mdomoni.

"Kunywa. Mwanangu alikunywa."

Sempombe hakuweza. Siku ile ile watu wake wakaanza kuchimba mashimo mbali na mto. Mihogo nayo ikahamishiwa mashimoni, na ng'ombe wakachimbiwa lambo. Maji yalichelewa kutakata, na wale watatu hawakupendana kamwe. Walikagua mto pamoja huku wakigombana. Lakini watoto wakaacha kufa. Na kila aliyesimama ukingoni kutukana walio juu, aliulizwa kwanza yeye anamwaga wapi, kisha akaambiwa: Ukimlaani wa juu, mkumbuke wa chini.