Grafu ya Upendo wa Sultani Hafidhi

Palikuwa na sultani, Hafidhi wa Kiwambani, aliyependa kusifiwa leo na kutimiza kesho. Ukimwendea na shida, anakwambia njoo kesho. Ukirudi hiyo kesho, neno ni lile lile. Nyinyi mliotembeza CV mkaambiwa "tutakupigia" mnamjua vizuri. Ana ndugu katika kila ofisi.

Basi huyu bwana akataka grafu. Masultani wa jirani walikuwa nazo ukutani, naye roho ikamuuma. Akamwita Makungu, kijana msomi, amchoree upendo wa watu kwa sultani wao. Makungu akahesabu wanaokuja barazani kumsalimu kila siku, akachora: mstari ukienda kulia, siku zinasonga, ukienda juu, upendo unapanda. Ila haukupanda. Tangu sultani apige marufuku ngoma za harusi, eti zinamharibia usingizi wa mchana, mstari uliporomoka kama nazi. Makungu akatiwa ndani kwa kosa la kuchora mteremko. Wallahi, hilo ndilo kosa lake.

Dada yake, Kidawa, alikuwa na digrii ya hisabati na kazi ya kukaa nyumbani. Ulimi wake wembe. Intavyuu zote zilimshinda, au yeye alizishinda, sijui. Akafunga safari mpaka barazani, wakapatana: achore grafu itakayompendeza sultani, kaka yake atoke. Kidawa akaongeza sharti moja. Grafu ikishapendwa ipigwe muhuri, na mpiga mbiu atangaze kwamba atakayeipinga, awe nani, atafungwa. Sultani akasikitika tu kwamba sheria tamu hivyo hakuiwaza mwenyewe.

Kidawa akachora mstari unaopanda taratibu.

"Mbona umelala?" sultani akauliza. "Huu ni upendo au mgonjwa?"

"Unapanda, Maulana. Kila siku kidogo."

"Kidogo kidogo wanapendwa makadhi. Usimamishe."

Akafuta, akausimamisha. Bado. Waziri naye, ambaye hesabu yake iliishia kwenye vidole, akashauri uinuliwe zaidi. Ukainuliwa. Bado.

"Nautaka wima," sultani akasema. "Kama mlingoti wa bendera."

"Wima kabisa?"

"Kabisa."

"Mambo haya yana sheria yake, Maulana. Siku moja hupewa jibu moja. Mstari wa wima unaipa siku moja majibu yote, wala hausogei kulia hata unywele."

"Binti, sheria ni mimi. Chora."

"Nianzie siku gani?"

"Leo."

Kidawa akaweka rula juu ya leo, akavuta mstari mpaka ukingo wa karatasi. Sultani akautazama hadi macho yakamlegea. Muhuri ukagongwa. Mpiga mbiu akauzunguka mji mzima: hii ndiyo kweli ya Kiwambani, na atakayeipinga, awe nani, ndani. Akarudi barazani sauti imemkauka.

"Sasa, kaka yangu," Kidawa akasema.

Sultani akapiga mwayo. "Njoo kesho."

Watu wakainamisha vichwa; walikwishaizoea kesho hiyo. Kidawa akainyanyua grafu wote waione.

"Kesho ipi, Maulana? Siku huenda kulia, na mstari wako haukwenda popote. Umeanza leo, umeishia leo. Kiwambani haina kesho, na muhuri ni wako."

"Upuuzi," sultani akafoka. "Kesho ipo."

Mpiga mbiu akamtazama waziri. Waziri akatazama vidole vyake. Askari wawili wa mlangoni, taratibu, wakamtazama sultani.

"Wamesikia nani ameipinga grafu," Kidawa akasema. "Mlango wa gereza ni mmoja, Maulana. Atoke yeye, au uingie wewe?"