Kwa Nini Nyumba ya Barafu Haipigiwi Hodi

"Haya ni maji," alisema Mzee Kasanda, akikiinua kifuko juu ili mtaa mzima ukione. "Mimi nimekuja kununua barafu. Maji ninayo nyumbani, mtungi mzima."

"Ilikuwa barafu, babu," Nyamizi alijibu.

"Lini?"

"Ulipokuwa unaniuliza habari za ng'ombe wa mjomba."

"Ala! Kumbe kosa ni la ng'ombe!"

"Ng'ombe hawana kosa, babu. Ila umewaulizia mmoja mmoja."

Kutoka ndani mama yake alikohoa kikohozi cha onyo. Nyamizi akauma midomo. Maji ya embe yalikuwa yakimchuruzika Mzee Kasanda kwenye kiwiko, na hata hivyo aliyanywa yote, akakikamua kifuko mpaka kikabaki ngozi tupu, ndipo akaondoka akimwambia kila aliyekutana naye kwamba barafu za binti yule hazigandi.

Hayo yalikuwa Tabora, katika mtaa wa Mwanakwale, zamani kidogo, wakati barafu za matunda zilikuwa bado ngeni. Siku hizo nyumba inayouza barafu ilikuwa nyumba kama nyingine yoyote. Mtu alipiga hodi, akangoja akaribishwe, akasalimu, akasalimiwa, na shida yake akaieleza mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kana kwamba imemjia akilini wakati huo huo. Watu wa Mwanakwale walijulikana kwa salamu. Mtaa mwingine ungekuuliza hujambo ukapita zako. Wao walianza na mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi, wakaingia kwa baba na mama, wakazunguka kwa wajomba, wakashuka kwenye mifugo, wakauliza paa kama linavuja hata wakati wa kiangazi, kisha wakarudi kwa mama kuhakikisha hajabadilika tangu walipomwuliza.

Tena salamu hizo zilikuwa na masharti. Kupokea kitu mkononi kabla hazijaisha kulihesabiwa kuwa ni kunyakua. Anayesalimiwa hakuruhusiwa kugeuza mgongo katikati, hata kama chungu kinaungua. Na mtu akitoweka machoni, japo ameingia chumba cha pili kuchukua kijiko, alipotoka alihesabiwa ametoka safari, akasalimiwa upya. "Za huko ndani?" waliuliza. Na huko ndani nako kulikuwa na habari zake.

Masharti hayo hayakumdhuru mtu yeyote mpaka siku Nyamizi alipoletewa friji.

Lilikuwa friji refu la kufunguliwa kwa juu, kama sanduku, na lilinguruma kama mtu mwenye mafua. Mwenyewe alikuwa shangazi yake, Kalunde, aliyekaa Nzega. Shangazi Kalunde aliliacha pale sebuleni kwa neno moja tu. "Nitapita kabla ya mvua," alisema. "Nikikuta barafu, friji ni lako. Nikikuta maji, nalipeleka kwangu." Nyamizi hakuwa na kitu kingine duniani ambacho angeweza kukiita chake. Kitanda alilala na wadogo zake, kanga alivaa za mama, na hata ndala zake, moja ilikuwa ya kurithi. Kwa hiyo neno la shangazi alilala nalo na kuamka nalo.

Alijifunza kazi kwa kuharibu. Barafu zake za kwanza za ukwaju zilikuwa kali mno, watu wakafumba jicho moja. Za ubuyu aliziacha na mbegu, zikaziba tundu la kufyonzea. Baadaye akaelewa. Embe alilimenya, akaliponda kwa mkono, akalichuja mara mbili ili nyuzi zisibaki kwenye meno ya watu, akatia sukari na iliki kidogo, na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole, maana chumvi hiyo ndiyo iliyoamsha utamu. Alimimina kwenye vifuko vyembamba, akaacha nafasi juu kwa sababu barafu ikiganda hunenepa, akafunga fundo, akavilaza kwenye friji bila kuvibananisha. Asubuhi vilikuwa vigumu kama mawe. Ukivigonganisha vililia ko, ko. Nyamizi alipenda kuvigonganisha akiwa peke yake.

Basi na barafu hizo nzuri kiasi hicho, kwa nini kila mteja aliondoka na maji?

Mteja aliposikika njiani, kama Nyamizi alitangulia kuitoa barafu, alisimama nayo mlangoni mkono umenyooshwa, na salamu zikaanza, na barafu ikaanza kutoka jasho. Mteja aliitazama. Aliiona inalia. Akaendelea kuuliza kuku kama wanataga. Na kama Nyamizi aliiacha kwenye friji mpaka salamu ziishe, mteja akataja shida yake, Nyamizi akaingia ndani, akatoka nayo mbio, basi alikuwa ametoka safari. "Za huko ndani?" Jua la Oktoba lilikuwa limesimama pale pale mlangoni kama mgeni wa tatu, nalo halikuwa na haja ya kusalimu.

Alijaribu kila njia. Alizivika barafu gunia lenye pumba za mpunga, lakini wateja walipoona kitu kimefunikwa walimwuliza kwa huruma anayeumwa ni nani, na habari za mgonjwa huulizwa kwa kirefu kuliko zote. Alijaribu kujibu salamu zote kwa mkupuo mmoja, "Hawajambo-wote-na-kuku-wazima-paa-halivuji," wakamwambia apumzike, maana inaonekana usiku hapati usingizi. Siku moja aligeuka katikati ya habari za wajomba akairudisha barafu kwenye friji. Jioni mama yake alikuwa ameshaambiwa katika nyumba nne tofauti kwamba binti yake ameharibika.

"Mama, barafu ndiyo inayoharibika," Nyamizi alisema.

"Barafu itagandishwa tena. Jina je?"

Mama naye alikuwa mtu wa Mwanakwale, ungemwambia nini? Nyamizi alimweleza kila mtu, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba barafu inayeyuka kwa sababu wanasalimiana mno. Walimsikiliza kwa upole. Walimwuliza kama amekula. Kisha wakaenda kusema kwamba barafu zake hazigandi na sasa anawasingizia watu wazima.

Neno hilo lilipanda basi likafika Nzega.

Shangazi Kalunde alikuja mchana wa jua kali, mawingu ya kwanza yakiwa yanajikusanya mbali upande wa Urambo. Alikuja na pikapu ya kuazima, vijana wawili wa kubeba, na kamba mpya ya katani. Nyamizi alipoiona kamba alielewa. Hakulia. Alikimbilia friji, akatoa barafu za embe zilizo ngumu kuliko zote, akazipanga kwenye sinia, akatoka nazo mlangoni ili shangazi aone kwa macho yake na aguse kwa mkono wake. Mkono wa shangazi ungezigusa tu, mambo yangekwisha.

Lakini mlangoni alikuwa ameshafika Mzee Kasanda, aliyekuja kuwa shahidi kwamba barafu hazigandi, na mama alikuwa ametoka jikoni akijifuta mikono. Na shangazi alikuwa hajafika Mwanakwale tangu siku aliyolileta friji.

"Mwangaluka, Kalunde."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Za Nzega?"

Za Nzega zilikuwa nyingi. Watu walikuwa wamezaliwa, na waliofiwa walikuwa wengi zaidi, na kila msiba ulitaka pole yake na jibu lake. Nyamizi alisimama na sinia. Lilikuwa baridi mpaka vidole vikamwuma, kisha baridi ikapungua, na hilo ndilo lililomtisha. Fundo la kifuko cha pembeni likalegea. Tone likashuka kwenye kidole gumba chake, akaliona likienda polepole hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Shangazi, naomba ushike moja," alisema.

"Subiri, mwanangu, hatujamaliza."

"Shika huku mnaendelea."

"Nyamizi!" mama alifoka.

"Mtoto wa siku hizi," Mzee Kasanda alimwambia Kalunde, akitikisa kichwa. "Ndiyo hayo niliyokutumia salamu. Sasa, yule mkwe wenu wa Igunga, mguu wake umekuwaje?"

Nyamizi akatazama sinia. Akatazama kamba. Kule kwenye sinia kila kitu alichokijua kuhusu embe, sukari na chumvi kilikuwa kinageuka maji, na watu waliokigeuza maji ndio watakaomhukumu kwa maji hayo, tena kwa upole, tena baada ya kumwuliza kama amekula. Wala hawatajua. Mguu wa mkwe wa Igunga utamaliza kazi.

"Mguu," shangazi alianza, "kwanza ulivimba, halafu..."

Nyamizi aling'ata kona ya kifuko, akaitema pembeni, na kabla hajajipa nafasi ya kuogopa, akakitia kifuko kinywani mwa shangazi yake.

Mama alipiga ukelele. Mzee Kasanda alifungua kinywa chake alaani jambo hilo kwa niaba ya mtaa, na alikifungua sana, kwa hiyo naye akapata ya kwake.

Kukawa kimya. Mwanakwale haikuwahi kusikia kimya cha namna ile mlangoni mwa mtu. Shangazi alikuwa na macho makubwa. Kutema hakuweza, kwa sababu ni chakula na ametiwa na mtoto wa kaka yake. Kusema hakuweza, kwa sababu barafu ilikuwa bado ngumu katikati na ulimi ulikuwa umeshikwa. Alichoweza ni kufyonza tu. Alifyonza mara moja kwa hasira. Mara ya pili hasira ilikuwa imepungua. Kisha likasikika jino likivunja kipande, kra, na macho yake yakafumba yenyewe.

Vijana wa kubeba hawakungoja kuambiwa. Waliweka kamba chini wakajihudumia kwenye sinia, na wao pia wakanyamaza.

Shangazi Kalunde alimaliza akakikamua kifuko kwa vidole viwili. Alikuwa na machozi kwa sababu ya ubaridi uliompanda kichwani. "Imeganda," alisema. Aliwageukia vijana. "Hiyo kamba irudisheni kwenye gari."

Nyamizi alikaa chini pale pale kizingitini, sinia mapajani.

Lakini jambo lilikuwa halijaisha, kwa kuwa Mzee Kasanda alikuwa bado anafyonza, na majirani waliotolewa nje na ukelele wa mama walimtazama yeye. Alikuwa amekula kabla ya salamu kuisha. Akisema mtoto amekosa adabu, itabidi aseme na yeye anakula nini. Alifyonza kwa kufikiri, akageuza kifuko, akafyonza upande wa pili.

"Mgonjwa," alisema mwishowe, "akiwa anapitishwa kwenye machela, mnamsimamisha njiani mumwulize habari za wajomba?"

"Hapana," walisema.

"Anapitishwa kwanza. Afikishwe. Salamu atazikuta. Basi barafu ikishatoka kwenye friji ni mgonjwa wa kwenye machela. Mnaoisimamisha jua kali mkauliza habari ndio mliokosa adabu." Aliwatazama wote mmoja mmoja kana kwamba yeye hakuwapo. "Nimekuwa nikiwaza hivyo siku nyingi."

Watu waliguna kwa heshima. Wakasema hakika mzee ameona mbali. Mama yake Nyamizi naye akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye alishaanza kuhisi hivyo. Nyamizi alimtazama mama, akamtazama mzee, akatazama matone kwenye sinia. Maneno hayo hayo alikuwa ameyasema tangu Septemba, bila machela. Alitaka kusema. Akaokota barafu ya mwisho, ambayo ilikuwa imeshakuwa laini, akaitia kinywani mwake ili asiseme.

Na tangu siku hiyo, katika mtaa wa Mwanakwale na mitaa iliyouiga, nyumba ya barafu haipigiwi hodi. Mtu hupaza sauti akiwa bado njiani, "Embe moja!" au "Ukwaju mbili!", awe mtoto au mwenye mvi, na mwenye nyumba hatoki kumwuliza ameamkaje, hutoka na barafu. Mteja hupokea, hung'ata kona, hunyamaza. Mwenye barafu kinywani hasalimiwi, na hata akipita mkubwa wake hainuki. Salamu huja baadaye, kifuko kikiwa kitupu, na huja zote, maana hakuna hata moja iliyofutwa. Wanaouza barafu husema kwamba mchana hupotea vile vile, isipokuwa sasa unapotea barafu zikiwa zimeshaliwa.

Wageni hushangaa. Husema watoto wa huko hawana malezi. Mwaka ule ule alihamia pale mwalimu kijana kutoka Mpanda, mtu wa heshima, aliyefika kwa Nyamizi akiwa amebeba salamu zake zote tayari. Alimkuta Mzee Kasanda amesimama mlangoni na barafu ya ubuyu, akavua kofia, akaunganisha mikono, akainama, na Nyamizi alikuwa ameshanyoosha mkono wenye barafu na tone la kwanza lilikuwa linashuka. Mzee alitoa kifuko kinywani kwa muda mfupi alioweza kuuvumilia.

"Pokea kwanza, mwanangu," alisema. "Shikamoo haiyeyuki."