Mtani Aliyelichekesha Zimwi

Sogeeni, wajukuu, bananeni hapa mkekani, na anayenong'ona anyamaze.

Katika kijiji kimoja palikuwa na zimwi lililokalia kila kaburi jipya, maiti asizikwe, na halikuondoka mpaka licheke. Kuchekesha msibani ni kazi ya mtani, na mtani wa kijiji hicho alikuwa Mkude. Huyu hakuchekesha kama wenzake. Msiba wa kwanza alifika kambeba mbuzi mgongoni kwa kanga, anambembeleza. Zimwi likacheka, likaondoka, ila kicheko kile kilimvuta Mkude pumzi ya kifuani. Msiba wa pili akajilaza kaburini, akadai mto. "Wenyeji, mgeni analala hivihivi?" Zimwi likacheka. Mkude akarudi nyumbani anakohoa damu.

Msiba wa tatu alikufa mtoto. Semeni, mkewe, akasimama mlangoni.

"Mume wangu, leo hutoki. Likicheka tena, umekwisha."

"Na mtoto wa watu alale juani, mama?"

Akaenda kwa mkongojo.

"Haya mtani, nichekeshe," likasema zimwi.

"Leo sina kichekesho. Nakuuliza tu, nikifa mimi utamcheka nani?"

Zimwi likafikiri. Likatafuta kicheko, kikaja kilio. Likainuka, mtoto akazikwa. Lakini pumzi ya Mkude ilishaliwa, na siku ya tatu akafa, ndevu hazijaota hata mvi moja.

Kaburi lake halikukaliwa. Semeni alirithi shamba la mihogo, watani wakarithi misiba yote, na zimwi likarithi kilio kile, ambacho mpaka leo halijui likipeleke wapi.