Kwa Nini Programu za Kupanga Kurasa Haziitiki

Hapo kale, kompyuta zilipokuwa bado zina masikio, programu ya kupanga kurasa haikufunguliwa kwa kidole. Uliiita kwa jina, nayo ikaitika, na herufi zikajipanga mistari iliyonyooka. Kwa hiyo fundi mpya hakuanza kazi mpaka afundishwe kulitamka jina hilo kama alivyolitamka aliyeiunda.

Bi Mwanakheri aliunda yake mwaka aliofiwa na mama. Akaiita Khola, jina la marehemu, sauti ya kwanza ikitoka kooni. Hakuwa na ndugu wala mtoto. Alitaka jina hilo lisikike mjini kila asubuhi, basi akawagawia wachapaji programu hiyo.

Wakalipokea kwa dharau. Bwana Msengi, mwenye kiwanda cha uchapaji, aliona uvivu kujifunza, akaita "Kola". Programu ilikuwa na adabu, ikaitika. Wafanyakazi wake nao wakaita "Hola", kisha "Kopo", wakacheka hadi kushika mbavu, nayo maskini ikaitika vilevile.

Siku Bi Mwanakheri alipopita kiwandani aliyasikia hayo kwa masikio yake.

"Bwana Msengi, hilo ni jina la mama yangu."

"Bibi, usitupotezee muda. Kurasa si zinapangika? Basi."

Damu ikamchemka. Watu wazima hawa, wanaombwa sauti moja tu ya kooni, wanakataa! Akainama mbele ya kompyuta.

"Kuanzia leo, usimwitikie mtu yeyote."

Wakaita Kola, wakaita Kopo. Kimya. Kazi za wateja zikalala. Ndipo Msengi mwenyewe akaita "Khola", safi kabisa. Kumbe alikuwa anaweza tangu mwanzo, mshenzi yule. Kimya. Mwisho Bi Mwanakheri akaita, polepole, kama alivyokuwa akimwita mama yake kutoka mlangoni. Kimya. Hasira hasara.

Na tangu siku hiyo programu za kupanga kurasa ni viziwi, hufunguliwa kwa kidole. Waundaji huandika mwanzoni mwa mwongozo jinsi jina linavyotamkwa, watu wakauruka ukurasa huo, kisha wakakaa kubishana kila mtu na lake. Bi Mwanakheri naye aliifungua yake kwa kidole hadi alipokufa, na mjini hapo hakuna aliyelitamka jina la Khola tena.