Maji ya Ziada ya Ndolwani

Sogeeni, mkae. Mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewahi kuwagombanisha mke na mume waliokuwa wakila sahani moja.

Katika kijiji cha Ndolwani, juu kwenye milima ya Upare, walikuwapo watu watatu. Charedi alikuwa na pumzi. Naelijwa alikuwa na ardhi. Lusajo alikuwa na kipimo. Na alikuwapo wa nne, Namsifu, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye hakuwa na hata kimoja. Yeye alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomtia matatani.

Ilianza hivi. Ofisa kutoka wilayani alipanda mlima akaitisha mkutano mbele ya zahanati. Akasema zahanati haina maji. Wauguzi wananawa kwa maji ya ndoo yanayoletwa kichwani, na mama hawezi kujifungulia mahali pa namna hiyo. Kama mvua za vuli zitaanza kabla maji hayajafika, chumba cha wazazi kitafungwa, na wajawazito watateremka hadi tambarare.

Hakusema uongo. Hilo ndilo lililowaudhi watu zaidi.

Namsifu alisimama. Mwanawe wa mwisho alizaliwa kwenye machela, katika kona ya njia hiyo ya kuteremkia tambarare, enzi ambazo Ndolwani haikuwa na zahanati. Yeye na mtoto walipona. Mwenzake aliyebebwa njia hiyohiyo mwaka ule hakupona. Sasa mke wa mwanawe huyo alikuwa mjamzito.

"Mheshimiwa," alisema, "chumba hakifungwi."

"Mama, si mimi ninayefunga. Ni ukosefu wa maji."

"Basi maji yatakuja."

"Yataletwa na nani? Bajeti ya mwaka huu imeshapita."

"Na sisi."

Watu wakapiga makofi. Namsifu alipokaa ndipo alipotambua kwamba ameahidi kitu asichojua kinaanzia wapi.

Chanzo kilikuwapo: chemchemi juu ya kijiji, upande wa pili wa kilima. Mabomba nayo yalikuwapo, yamelala kwenye stoo ya wilaya tangu mradi mmoja ulipokwama. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaomba, mikono ya kuchimba na mahali pa kupita.

Mikono kwanza. Huko Upare kazi ya wote huitwa msaragambo, na msaragambo huitwa kwa baragumu. Likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu hutozwa faini. Aliyelipiga Ndolwani ni Charedi, mwanamume wa kitongoji cha Mteke, mwenye kifua kipana na maneno mengi. Ulikuwa msimu wa mavuno na watu walikuwa wamechoka. Charedi alipanda kila kilima, akapiga.

"Charedi!" mtu alimpigia kelele kutoka shambani. "Hilo ni baragumu au ng'ombe wako anazaa?"

"Njoo uchimbe, nitanyamaza!"

"Nikija leo maharage yangu utanivunia wewe?"

"Nitakuvunia na kukulia. Chukua jembe!"

Wakaja. Vitongoji vyote vikaja, isipokuwa Ngurunga. Ngurunga walimpokea Charedi wakiwa wamekaa.

"Maji ya zahanati ni kazi ya serikali," walimwambia. "Kodi yetu imeshachimba."

"Kodi haina mikono, ndugu zangu."

"Na serikali je? Nayo haina mikono?"

Charedi akawatoza faini. Hawakulipa.

Kisha kipimo. Lusajo alikuwa fundi wa maji wa serikali, kijana kutoka Mbeya, na watu walimwita Bwana Maji. Alishuka kwa mkuu wake kuomba yale mabomba.

"Chumba cha wazazi kinafungwa, wewe unakipelekea mabomba?" mkuu alimuuliza.

"Kinafungwa kwa kukosa maji, mzee. Mabomba ndiyo ninayoyaomba."

"Yakipotea, yatakuwa shingoni mwako."

"Sawa. Yaandike shingoni mwangu."

Kabla ya kwenda alikuwa amepima njia na kupigilia vigingi, kutoka kwenye chemchemi moja kwa moja hadi zahanati, kupitia juu ya kilima. Aliporudi na mabomba alikuta mtaro umechimbwa, safi, wenye kina kizuri, na umekizunguka kilima chote kama mshipi.

"Nani kang'oa vigingi vyangu?"

"Mimi," alisema Charedi bila haya. "Ulivipandisha mlimani. Maji hayapandi, Bwana Maji. Babu zetu wamechimba mifereji milima hii yote, nionyeshe mmoja uliopanda."

"Huu si mfereji. Ni bomba."

"Maji ni maji."

Lusajo aliomba mpira wa kumwagilia, akaujaza maji kutoka kwenye ndoo iliyokuwa juu ya ukuta, akauinua katikati kwa mkono, chini kidogo ya ndoo, akauachia mdomo wake chini. Maji yakapanda mkono, yakashuka, yakamwagika miguuni mwa Charedi.

"Tumbo la bomba linaweza kupanda," Lusajo alisema, "mradi lisipite kimo cha chanzo, na kilima hiki hakikipiti. Na mtaro wenu ni mrefu kuliko mabomba niliyopewa. Mkifuata njia hii, maji yataishia porini."

Charedi alitazama viatu vyake vilivyolowa. "Na wewe ulikuwa wapi tulipokuwa tunachimba?"

Kicheko kilizuka, lakini hakikuwa cha furaha. Watu walikuwa wamechimba bure. Wengine walibeba majembe wakaenda zao. Vumbi lao halijatulia, Charedi akaweka baragumu mdomoni akapiga tena. Safari hii waliojibu ni watu wa Mteke peke yao, kitongoji chake. Hao ndio waliochimba mtaro wa pili, mwamba kwa mwamba, na mke wa Charedi akiwa wa mbele, akimwambia kila alipopita, "Chimba, bwana. Kosa ni lako, jasho ni letu."

Mahali pa kupita ndipo palipobaki. Njia iliyonyooka ilikata shamba la Naelijwa, na tenki la zahanati nalo lilihitaji mahali. Huyu alikuwa mjane aliyelima tangawizi, na tangawizi yake ilikuwa bado changa. Namsifu alikwenda kumwona, Lusajo akiwa nyuma yake.

"Mara ya kwanza mlilizunguka shamba langu mkanisalimia kwa mbali," alisema Naelijwa. "Leo mmenikumbuka. Kuna fidia?"

"Hakuna, dada," Namsifu alijibu.

"Angalau husemi uongo. Na hilo tenki litakaa wapi?"

"Kwenye kona ya juu, mama," alisema Lusajo. "Shamba lako ndilo lenye kimo kinachofaa jirani na zahanati."

"Kwa hiyo mnataka mgongo na kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi sizai tena, Namsifu. Wanangu wako mijini, wake zao wanazaa mijini. Niambie zahanati hiyo inanihusu nini."

Namsifu hakutaka kumdanganya mwanamke aliyekwisha kumsifu kwa kutodanganya.

"Haikuhusu," alisema. "Nimekuja kuomba."

Naelijwa akaingia ndani akatoka na jembe. Watu wa Mteke walipokuja kusafisha njia aliwazuia kwenye mpaka. "Nimeipanda mimi, nitaing'oa mimi." Aling'oa mstari baada ya mstari, tangawizi ndogo kama vidole vya mtoto. Hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Mabomba yalikuwa hayajafika nusu ya njia, Lusajo akapokea amri ya uhamisho: ateremke mara moja, akaripoti kituo kingine mbali na milima hiyo. Mabomba ambayo hayajaungwa si maji, na hakukuwa na mwingine wa kuyaunga. Simu yake iliita, akaiacha iite. Ilipoita mbele ya Namsifu, alimwambia, "Mama, mtandao wa huku milimani ni mbovu sana." Akaendelea kuunga. Mkuu wake akamtumia ujumbe kwamba cheo alichokuwa akikitarajia akisahau. Huo ulifika, na aliusoma. Kisha akaomba apewe koleo.

Maji yakafika zahanati kabla ya vuli.

Ofisa alirudi kukagua. Alifungua bomba la chumba cha wazazi, akanawa mikono, akajifuta kwa leso yake. "Chumba kitabaki," alisema. Ndani, mke wa mwanawe Namsifu alikuwa anapimwa.

Hadithi ingeishia hapo kama maji yangekuwa kidogo. Lakini chemchemi ilikuwa na nguvu kuliko kipimo, na tenki lilijaa likawa linamwagika. Maji ya ziada yakawa yanachimba shimo kwenye udongo. Vipande vya bomba vilivyosalia vilitosha kuelekea upande mmoja tu. Lusajo alisema yakigawanywa yatanywewa na ardhi kabla hayajafika popote. Na Lusajo mwenyewe alikuwa anaondoka saa hiyohiyo, katika gari la ofisa. Begi lake lilikuwa tayari garini. Dereva alikuwa anakunywa chai.

"Acheni hayo maji," ofisa alisema. "Ni mali ya umma. Wilaya itayapangia matumizi."

Namsifu alihisi mdomo wake unafunguka tena. Hakuuzuia.

"Mheshimiwa, mlipopanga bila sisi, mlipanga kufunga mlango. Haya tutayapanga wenyewe, hapahapa, kabla dereva wako hajamaliza chai."

"Mama, kuna utaratibu."

"Utaratibu ni huu. Kaa nasi, usikilize."

Ofisa alitazama umati, akakaa kwenye ukingo wa baraza.

Charedi alianza. "Mteke tumechimba mara mbili. Bomba halipiti kwetu. Bwawa letu la kumwagilia limebaki tope. Maji yaje kwenye bwawa, nyumba zote za Mteke zinyweshe mashamba."

"Mara ya pili mlichimba kosa lenu!" mtu alipaza sauti.

"Na wewe uliyechimba mara moja ukaondoka, ulichimba nini? Kaburi la mabomba? Kama si sisi, Bwana Maji angeunga bomba hewani. Siombi msamaha. Naomba maji."

Naelijwa hakuinuka. Alikuwa amekaa mbele kabisa. "Tenki linamwagikia shamba langu. Nusu yake mmeichukua. Iliyobaki iko chini ya tenki, haihitaji hata bomba refu. Mwaka huu sina cha kuuza. Mlikuja mkisema mnaomba, nikatoa bila kuuliza mara mbili. Sasa nami naomba. Tuone kama nanyi mnajua kutoa."

"Na mimi nina neno," alisema Lusajo.

"Wewe unalipwa mshahara," alisema mzee mmoja wa kamati.

"Mshahara ulikuwa wa kuteremka nilipoitwa, baba. Siku nilizobaki hapa nimezilipia mwenyewe, na nitaendelea kulipa. Sitaki kitu cha kwangu. Maji yapelekwe shule ya Ngurunga. Nimepima vyoo vyake, havina tone. Wasichana wakubwa wanakaa nyumbani siku zao zikifika."

Kelele zikalipuka.

"Ngurunga? Waliokaa wakatutazama?"

"Faini hawajalipa!"

"Bwana Maji umepigwa na jua!"

Charedi ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Niliwapigia baragumu hadi midomo ikapasuka! Ukiwapa maji leo, kesho nikipiga nani atatoka? Kila kitongoji kitakaa chini kisubiri!"

"Waliogoma ni baba zao," Lusajo alisema. "Anayesoma pale ni mtoto. Na hawakusema uongo, kaka. Maji ni kazi ya serikali. Mimi ndiye serikali waliyokuwa wanaisubiri. Nimechelewa tu."

"Watoto wa Mteke nao wanakula!" alisema mke wa Charedi. "Bwawa likikauka watakula kipimo chako?"

"Nami nitakula nini?" aliuliza Naelijwa. "Makofi yenu?"

Namsifu aliwatazama mmoja mmoja. Akimpa Naelijwa, maji ya wote yataotesha shamba la mtu mmoja. Akimnyima, nani atatoa ardhi tena Ndolwani? Akiwapa Mteke, jasho limelipwa, na mtoto wa Ngurunga amehukumiwa kwa kosa la baba yake. Akimpa Lusajo, maji yatawafikia waliokaa, mbele ya macho ya waliochimba. Akimnyima, mtumishi wa umma atakayekuja baada yake atajifunza kwamba heri kutii amri ya kuteremka. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeinamisha macho. Hakuna aliyesema, basi, mpeni mwenzangu.

Dereva alisuuza kikombe, akakifunika juu ya ukuta. Lusajo alichukua spana na kipande cha mwisho cha bomba, akapiga goti kando ya tenki. "Mama mwenyekiti," alisema, "nielekeze wapi?"

Haya, ninyi mliokaa hapa, jibu ni lenu. Msiniambie wagawane, maana bomba ni moja. Msiniambie wasubiri, maana fundi anaondoka, na mkiyaacha yamwagike, ofisa atayachukua. Mmoja alitoa pumzi, akakosea, akapiga tena. Mmoja alitoa ardhi kwa ajili ya watoto wasio wake. Mmoja alitoa cheo chake, sasa anawaombea waliokaa. Ungekuwa wewe ndiye Namsifu, bomba lingeelekea wapi? Na hao wawili utakaowanyima, ungewaambia nini, wakiwa wamekukodolea macho?